Bolti Mia na Ishirini na Nane

Siku ya Jumamosi watu wa mtaa ule wa Butembo hawakuhitaji saa. Wakimwona Phinées Kitsa amechuchumaa mbele ya tairi, kikopo cha maji ya sabuni kando ya goti na mswaki mkononi, walijua ni saa tisa alasiri. Na si mswaki wa viatu. Ni mswaki wa meno, mpya, aliouchomoa kwenye pakiti yake siku hiyo hiyo, wakati mkewe Kanyere alikuwa bado anasugulia meno mswaki uliopukutika tangu Pasaka. Alisugua bolti moja, akaipuliza, akaifuta kwa kitambaa cheupe, akasogea kwenye ya pili. Kila gurudumu lilikuwa na bolti thelathini na mbili. Magurudumu ni manne. Piga hesabu mwenyewe, au usijisumbue, kwa maana yeye alishakupigia: mia na ishirini na nane. Aliitaja hesabu hiyo dukani, kwenye matanga, kwenye foleni ya benki, na Jumapili moja, akiwa shemasi anayefunga ibada, alimshukuru Mungu kwa neema zake zisizohesabika, akaongeza kwamba hata zile zinazohesabika tunakushukuru, Bwana. Kanisa zima lilijua anazungumzia nini.

Zaidi ya hapo Phinées alikuwa mtu wa kawaida kabisa. Umri miaka hamsini na miwili, kitambi cha heshima, duka dogo la vipuri karibu na soko: vichujio vya mafuta, mikanda ya injini, plaketi za breki. Mke mmoja, watoto watano, wa kwanza Éliakim, ndiyo maana mkewe alimwita Papa Éliakim. Kosa lake lilikuwa moja tu, nalo ni la mji mzima. Butembo ni mji wa wafanyabiashara, na huko mtu haulizwi amesoma nini. Anaulizwa amerudi na nini. Phinées alikwenda Dubaï mara moja katika maisha yake, akarudi na kontena la vipuri kwa ushirika na wenzake saba, na ndani ya kontena hilo, zimefungwa kwa blanketi kama watoto wachanga, jante nne, yaani rimu za magurudumu.

Hazikuwa jante kama zako na zangu. Muuzaji wa Dubaï aliziita bidiloki, jina ambalo Phinées alilirudia ndani ya ndege mpaka likamkaa mdomoni, lakini Butembo walimwangalia usoni, wakaziita jante za pete, na ndivyo zilivyoitwa. Kwa nje jante ina pete nzito ya chuma, na pete hiyo inafungwa kwa bolti hizo thelathini na mbili kuzunguka mdomo wa tairi, inaubana kama mfuniko wa sufuria. Wanaozitengeneza wana sababu. Gari likifika kwenye tope au mchanga, dereva anatoa upepo mwingi ndani ya tairi. Tairi linalala, linapanuka, linashika udongo. Jante ya kawaida ingelitema tairi kama hilo kwenye kona ya kwanza. Ya pete hailitemi. Hiyo ndiyo kazi yake yote duniani. Haina nyingine.

Basi Phinées aliuza kamyoneti yake ya zamani, ile iliyokuwa imepanda hadi kijijini kwao Kipese kuleta viazi miaka kumi bila kulalamika, akanunua nyingine ndefu kwenda juu, ya milango minne, akaivalisha zile jante na matairi yenye meno makubwa. Halafu akaiendesha kwenye lami. Kutoka nyumbani hadi dukani, kutoka dukani hadi kanisani, kutoka kanisani hadi nyumbani. Jirani yake mmoja aliweka nadhiri kwamba siku akiliona gari lile na tope atatoa sadaka mara mbili. Mwaka ulipita na sadaka yake ikabaki ile ile.

Mtu pekee aliyethubutu kumweleza ukweli alikuwa Syauswa, kwado wa mtaani, yaani mziba matairi. Kila Ijumaa Phinées alimpelekea gari aongeze upepo, kwa kuwa matairi ya pete yalikuwa yanavuja polepole. Yanavuja kwa sababu bolti zake zinataka kukazwa kila baada ya muda, zote kwa nguvu sawa, kwa ufunguo maalumu unaopima nguvu. Muuzaji alimpa Phinées ufunguo huo, wa kung'aa, ndani ya sanduku lake. Phinées aliutundika sebuleni, kati ya picha ya harusi na kalenda ya kanisa.

“Diacre,” Syauswa alimwambia shemasi huyo Ijumaa moja, “hii pete iko na kazi moja tu. Ukifika mu matope, unatoa upepo, pine inalala kidogo, inashika udongo. Sasa wewe unaniambia nijaze kilo tatu na nusu, sawa pine ya camion ya viazi! Uliinunua juu ya nini?”

“Syauswa, mimi nitembee na pine ya kulegea mbele ya bakristo? Batasema Kitsa alianguka mu biashara.”

“Basi tukaze hata boulons. Ile clé balikupa iko wapi?”

“Iko ku salon.”

“Na ku salon inakaza nini?”

Mtu mwenye bolti mia na ishirini na nane hawezi kujibizana na mtu mwenye pampu moja. Lakini Syauswa hakuweza kuvumilia kuona kazi mbovu, hata ya mtu mwingine. Siku Phinées alipokuwa kwenye kikao cha mashemasi, alimwendea Kanyere, Kanyere akauteremsha ufunguo ukutani bila kuuliza swali hata moja, na kwa nusu saa Syauswa alikaza bolti zote. Aliacha mkwaruzo kwenye mbili tu, za gurudumu la mbele la kulia. Phinées aliiona mikwaruzo hiyo kabla hata hajaweka Biblia mezani. Hakusema na mkewe siku tatu, na siku ya nne alilipeleka gari mjini Beni.

Alilipeleka Beni kwa sababu huko kuna fundi anayepaka rangi matangi ya pikipiki, na Phinées aliamua kwamba bolti zote zipakwe rangi ya dhahabu. Ndiyo safari ndefu pekee gari lile liliyowahi kufanya. Njia nzima usukani ulimtetemeka mikononi, maana magurudumu yale ni mazito na hayapendi mwendo wa haraka. Alipofika alikuwa hahisi vidole, ila alitabasamu. Waendesha pikipiki wa Beni walimzunguka, wakapiga picha. Mnunuzi mmoja wa kakao, mzee wa makamo aliyekuwa anakula karanga kivulini, alizitazama jante muda mrefu kisha akauliza, “Hizi zinasaidiaka nini?”

“Zinasaidia,” alisema Phinées.

“Aa,” alisema yule mzee, akaendelea na karanga zake.

Tangu siku hiyo ikawa marufuku ufunguo wowote kugusa bolti. Rangi ya dhahabu ingetoka.

Haya yote yangekuwa ya kuchekwa tu na kupita, kama isingekuwa ahadi.

Mama yake Phinées, Séphora, alikuwa mjane wa miaka sabini na tisa, na maisha yake yote alikaa Kipese, juu kwenye baridi, kwenye mteremko mmoja na mdogo wake Agar, naye mjane. Nyumba zao ziliachana kwa bustani moja ya vitunguu. Wakigombana, waligombana kila mmoja akiwa mlangoni kwake, bila kunyanyuka. Phinées alitaka mama ahamie Butembo, kwanza kwa sababu mguu wake ulikuwa umeanza kumsumbua, pili kwa sababu watu walishaanza kuuliza inakuwaje mwenye jante kama zile mama yake analima mwenyewe. Sema wewe sababu ipi hasa ilikuwa ya kwanza. Mama alikataa mara mbili. Mara ya tatu Phinées aliita kikao cha ukoo, akasimama mbele ya wajomba na shangazi.

“Mama, kila mwezi nitakupeleka kumuona Mama Agar. Kila mwezi! Na hizi jante, Kipese itakuwa sawa kutoka salon na kuenda ku cuisine.”

Mama Séphora aliangalia picha ya gari kwenye simu. “Hii pine iko na misumari mingi sawa sanduku ya maiti ya tajiri,” alisema. Ndugu walicheka. Halafu akamgeukia Agar, na Agar, aliyekuwa haamini neno la mwanaume yeyote tangu mumewe alipofariki, akasema, “Enda. Alisema mbele ya batu.”

Akaenda. Mwezi wa kwanza mvua zilikuwa nyingi. Wa pili kulikuwa na vumbi. Wa tatu kulikuwa na kikao cha mashemasi, wa nne rangi ya dhahabu ilikuwa haijakauka vizuri, wa tano kulikuwa na habari za vita huko njiani, habari ambazo madereva wa viazi waliokuwa wanapita kila siku hawakuzisikia. Mwezi wa sita Mama Séphora aliacha kuuliza. Kila mwisho wa mwezi alikuwa anaoga asubuhi, anajifunga kikwembe chake cha safari, anakaa kwenye benchi la uani karibu na gari mpaka saa sita, kisha anaingia ndani kubadilisha nguo. Kanyere alikuwa anamwona kwa dirisha la jikoni na anapiga masufuria kwa hasira. Phinées hakuwa mtu mbaya, mwenyewe aliapa hivyo. Kila mara alimnunulia mama soda.

Mwezi wa kumi na tatu, Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, simu ililia. Alikuwa Ornella, mjukuu wa Agar, anayekaa naye kule juu na kumwita Koko, yaani bibi.

“Papa Phinées, Koko iko mubaya. Siku tatu hapana kula. Anaita tu Mama Séphora. Anasema: nimuone, halafu nilale. Mukuye leo. Tafazali, leo.”

Saa moja kamili Mama Séphora alikuwa ameshakaa ndani ya gari, mkanda umefungwa, kikapu mapajani: kilo ya sukari, sabuni mbili, na shali ya sufu aliyomfumia mdogo wake kwenye lile benchi la kusubiri. Saa mbili alikuwa bado amekaa. Mwanawe alikuwa chini anasugua bolti, kwa sababu Jumamosi ni Jumamosi, hata asubuhi, na kwa sababu Kipese watu wengi walikuwa hawajawahi kuziona.

“Papa Éliakim,” Kanyere alimwambia akiwa amesimama juu yake, mikono kiunoni, “mutu anakufa kule.”

“Nimebakisha pine moja.”

Waliondoka saa tatu. Kwenye kizuizi cha wanajeshi, askari mmoja kijana alilizunguka gari na kusifia uimara wa matairi kwa Kilingala, “Papa, ba pneus oyo eza makasi!” Phinées angeweza kusema asante na kupita. Alizima injini. Alishuka, akamwonyesha askari pete, akamwambia hesabu, akamruhusu aguse moja. Mama Séphora alikuwa anaangalia mbele, kule barabara inakoanza kupanda.

Saa nne na nusu walifika kwenye tope. Ni pale ambapo kila mtu wa Kipese anapajua, kwenye kona ya mikaratusi, maji yanapovuka barabara na malori yameichimba mpaka ikawa bakuli. Kamyoneti ya zamani ilikuwa inapita pale kwa kunung'unika. Hii mpya iliingia kwa kishindo, Phinées akiwa amejiegemeza nyuma kwa mkono mmoja kwenye usukani, ikaenda mita sita, ikasimama. Akakanyaga mafuta. Matairi yalikuwa yamejazwa jana yake tu, kilo tatu na nusu, magumu kama mawe, na yalizunguka mahali pamoja kama mtu aliyevaa soksi kwenye saruji yenye maji. Bolti za dhahabu zikapotea moja moja ndani ya uji mwekundu. Akakanyaga tena. Gari likakaa kwa tumbo.

Upande wa pili lori la viazi na kabichi lililokuwa linashuka lilisimama, kwa kuwa sasa njia ilikuwa imezibwa. Juu ya magunia walikaa wanawake wachuuzi wa Butembo, wanane, na watatu kati yao waliimba kwaya katika kanisa la Phinées. Walikaa juu kule kama kwenye jukwaa la uwanja wa mpira.

“Diacre!” mmoja aliita. “Zile mia na ishirini na nane zimechoka?”

“Ziachie zipumuzike,” mwingine alisema. “Hapana zoea kazi.”

Phinées aliwapungia mkono kwa heshima zote. Alivua koti. Alikata matawi, akaweka mawe, akasukuma, akaanguka kwa goti moja, na kila alipoanguka magunia ya viazi yalitikisika kwa kicheko. Alichoona yeye kilikuwa kimoja: kesho ni Jumapili, na wale watatu watakuwa safu ya mbele.

Saa tano walitokea watu wa chukudu, watatu, wakirudi juu kutoka soko la barabara kuu, wakisukuma pikipiki zao za mbao zikiwa tupu. Mkubwa wao, Ézéchias, mtu mkavu mwenye mikono mirefu, aliegesha chukudu yake kwenye mti, akaliangalia gari, akainama, akabonyeza tairi kwa kidole gumba. Kidole hakikuingia hata kidogo.

“Patron, bonjour. Mi nilifanyaka kazi ya convoyeur ku camion miaka munane. Hizi pine ziko ngumu sana. Toa upepo. Toa nusu, zote ine. Dakika kidogo tu, na unatoka.”

Juu ya lori wanawake waliinama kusikiliza. Na hapo Phinées Kitsa, aliyejua vizuri sana kazi ya pete, aliyeelezwa na muuzaji, na karatasi, na Syauswa kila Ijumaa, aliona kitu kimoja tu: matairi manne yaliyolegea yakishuka mlima yakiingia Butembo, bila pampu njiani, kupita kesho mbele ya kanisa wakati watu wanatoka.

“Hizi, hapana kutoa upepo,” alisema kwa sauti ya dukani. “Ni modèle ya sasa. Ukitoa, pine inaruka ku jante.”

Ézéchias alimwangalia, akaangalia ile pete, akaangalia tena mwenye nayo. Yeye alikuwa mtu wa chukudu, na yule alikuwa patron. Akarudi kwenye chukudu yake.

Kioo cha gari kiliteremka. “Phinées,” Mama Séphora alisema. “Ni kweli? Hapana kutoa?”

Nafasi hiyo aliipata, tusiseme hakuipata. Mama yake alimwuliza jicho kwa jicho, taratibu, jinsi alivyokuwa anamwuliza utotoni nani amekula nyama.

“Ni kweli, Mama.”

Mama Séphora aliamini. Kwa nini asiamini? Gari hakulijua, mwanawe alimjua. Alifungua mlango, akatafuta ardhi kwa ule mguu mbaya, akashuka kwenye tope mpaka kifundoni, kikapu kichwani.

“Baba,” alimwambia Ézéchias, “chukudu yako inabebaka kilo ngapi?”

“Mia tatu, Koko. Ina mutelemko.”

“Mimi hapana fika makumi tano. Unipeleke ku Kipese.”

“Koko, ni ya kupanda.”

“Njo maana niko naomba batu batatu.”

Hawakujadiliana zaidi. Walikunja magunia mawili yakawa kiti, wakamkalisha mbele ya usukani wa mbao, mmoja akashika, wawili wakasukuma nyuma. Phinées alikuja mbio, tope mpaka magotini, akashika ukingo wa chukudu.

“Mama! Mama, batu banaangalia!”

“Baangalie,” alisema mama yake. “Mimi naenda kuangalia mudogo yangu.”

Wanawake wa juu ya lori hawakucheka tena. Mmoja alimwimbia kidogo, wimbo wa safari, na yule bibi kizee, aliyekaa wima kwenye mbao mbili na gurudumu la mti, alipanda mlima kwa njia ya mkato ya miguu na kupotea kwenye mikaratusi.

Phinées alibaki na heshima yake. Watu wa lori walishuka na majembe, wakachimba njia ya pembeni kwenye ukingo wa shamba. Iliwachukua zaidi ya saa mbili, na hawakumwomba asaidie. Walipopita hakuna aliyemtania. Hilo lilimwuma kuliko utani. Lori likashuka, mlio wake ukafifia, na kwenye kona ya mikaratusi hakukuwa na mtu hata mmoja wa kumwona.

Ilikuwa saa nane. Phinées aliangalia huku. Akaangalia kule. Akaokota kijiti, akachuchumaa kwenye gurudumu la kwanza kama anavyochuchumaa kila Jumamosi, akakichomeka kwenye valvu. Upepo ukatoka kwa mlio mrefu. Tairi likashuka polepole, likatanua mashavu, likalala juu ya tope. Akaenda la pili, la tatu, la nne. Lile la mbele la kulia, lenye bolti mbili zilizokwaruzwa na Syauswa, lilikaa imara kabisa, na mengine pia, kwa kuwa kazi ya nusu saa ya mtu yule ndiyo iliyoyashika. Akaingia garini, akaweka gia, akagusa mafuta kidogo tu.

Gari likatoka. Halikunguruma, halikurusha tope. Lilitoka kama mtu anayenyanyuka kwenye kiti, likapanda kona, likapanda mteremko wa baada ya kona, likavuka mabakuli mengine matatu ambayo Phinées alikuwa anayaogopa mwaka mzima. Alikuwa hajawahi kuendesha kitu kitamu namna ile. Kwa muda wa nusu saa alisahau yote, alicheka peke yake, alipiga usukani kwa kiganja. Akaingia uani kwa Mama Agar akiwa bado anatabasamu.

Wanawake walikuwa wamekaa chini, miguu wamenyoosha, vikwembe vimefungwa kiunoni. Ornella alisimama mlangoni. Macho yake yalikuwa yamevimba.

“Saa saba,” alisema. “Aliwangojea mpaka saa saba. Alisema tufungue mulango, asikie kama gari inakuya.” Akatazama ndani ya gari, kiti cha mbele, kiti cha nyuma. “Mama Séphora iko wapi?”

Phinées alionyesha kwa kidole kule kwenye mikaratusi. Kwa mara ya kwanza tangu Dubaï hakuwa na hesabu ya kumpa mtu.

Alingoja nusu saa amesimama uani. Angeweza kwenda kuwapokea njiani, lakini ile njia ya mkato haipiti gari, na kwa miguu aliogopa kumfikia mama yake. Halafu wakatokea nyuma ya bustani ya vitunguu: Ézéchias na wenzake, mashati yamelowa, na mama yake juu ya magunia, kikapu mapajani. Alisikia kilio kabla hajafika. Hakuna aliyehitaji kumwambia.

Walimsaidia kushuka. Hakulia bado. Alikuwa ameliona gari, limeegeshwa mbele ya mlango wa mdogo wake, tope mpaka madirishani, limetangulia. Alilisogelea kwa mguu wake mbaya. Akaweka kiganja kwenye tairi la mbele, akabonyeza, na tairi likaitika, laini kama donge la unga.

“Kumbe inatolewaka,” alisema.

Phinées aliangalia viatu vyake.

“Ilikukamata dakika ngapi?”

Angeweza kudanganya tena. Ézéchias alikuwa pale, Ornella alikuwa pale, wanawake wote walikuwa wanamwangalia. Lakini sidhani ni kwa ajili yao.

“Kumi, Mama.”

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeuliza bei ya kitunguu sokoni na kujibiwa. Akatoa ile shali kwenye kikapu, akampa Ornella sukari na sabuni azishike, akaingia ndani kumfunika mdogo wake.

Hakurudi Butembo. Alibaki katika nyumba yake ya zamani, ng'ambo ya bustani ya vitunguu, na kila asubuhi anakaa mlangoni akiutazama mlango wa pili. Phinées anapanda Kipese kila mwezi sasa, hajakosa hata mmoja, mvua au vumbi, matairi yamelegea toka Butembo, na bolti zimeshika kutu. Anaegesha kando ya bustani, anashuka na soda. Mama yake anaipokea, anamshukuru, anaiweka chini karibu na mlango pamoja na zile nyingine, hazijafunguliwa.